Jumamosi Ambayo Mama Taipu Hakufoka

11 Februari

Binti yangu,

Salamu za hapa ni nyingi kuliko karatasi, kwa hiyo chukua za kukutosha, zinazobaki wagawie majirani zako. Mama yako hajambo. Analalamika kwamba hupigi simu, na ukipiga analalamika kwamba unaongea upesi. Goti la Mama Mdogo wako limetulia. Sasa linamuuma tu akiombwa chai.

Najua unaninung'unikia kwamba sipokei simu. Sipokei kwa makusudi. Simu humlazimisha mtu ajibu kabla hajafikiri, nami nimefika umri wa kufikiri kwanza. Tuandikiane kama watu.

Kazi ipo. Nina seti mbili za makochi za kuvua nguo na kuvisha upya, na karakana imejaa sponji hadi dirishani. Jumamosi mchana bado tunakutana palepale, tunakaa juu ya makochi ambayo hayajamalizika na kubishana mpaka jua linapopoa. Mtaani sasa wanatuita Wanafalsafa wa Sponji. Wengine wangekasirika, sisi tumelipokea jina. Ni walewale: mwalimu mstaafu, ambaye kila sentensi yake inaanza na "kwa hiyo" hata kama hakuna kilichotangulia, na ndiyo maana tunamwita Kwa Hiyo; kinyozi wa kona; mfamasia; mimi mwenyekiti; na Mama Taipu, mwalimu wako wa kupiga chapa, kwenye stuli yake karibu na mlango.

Mwezi huu mada ni ukweli. Kwa Hiyo anashikilia kwamba ukweli upo hata kama hakuna anayeuona. Mimi nasema ukweli ni makubaliano tu. Nikampa mfano: mteja aliniletea kitambaa, yeye anasema cha kijivu, mkewe anasema cha buluu. Mimi nikaandika "kijivu" kwenye risiti, na tangu siku hiyo kitambaa kile ni cha kijivu, hata mke anakiita hivyo. Kinyozi naye akadakia: "Mimi mteja akisema nimemharibu, na mimi nikasema nimempendeza, nywele ziko chini zimenyamaza. Nani shahidi?" Tulicheka hadi fremu ikalia.

Maneno yaliposhindwa kutuamua tukafanya jaribio. Tamu ajabu, na nilishinda kwa kishindo. Hilo nitakusimulia ukija, kwenye karatasi litapoa.

Usisahau kula.

Baba Mdogo wako

3 Machi

Shikamoo Baba Mdogo,

Barua yako imenifikia nikiwa nimechoka ikanichekesha, nikasahau uchovu. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga kina dirisha moja linaloangalia ukuta, lakini ukuta wenyewe umepakwa rangi vizuri. Mwambie mama nitaongea polepole.

Kazi ya mahakamani nimeanza kuizoea. Nakaa mbele ya meza ya hakimu, mashine mbele yangu, na kila linalosemwa nalipiga chapa. Wiki iliyopita majirani wawili waligombania ukuta. Mmoja alisema ukuta ulikuwepo kabla yake, mwingine akasema aliuona ukijengwa. Nilikukumbuka. Lakini Baba Mdogo, hakimu hakuwauliza wamekubaliana nini. Aliuliza kila mmoja: "Wewe uliona nini kwa macho yako?" Yule wa kwanza akaanza kutokwa na jasho. Kama ukweli ni makubaliano tu, kwa nini alitokwa na jasho? Mpe Kwa Hiyo swali hilo, umwambie ni zawadi yangu.

Jambo jingine. Mama Taipu alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mtu anayeongea huku amejifunika. Tuliongea haya na yale, akaniuliza jambo, nikamjibu. Halafu akasema amefunga kibanda chake cha chapa. Nilidhani anatania. Mwanamke yule hata siku ya mazishi ya mumewe alifungua asubuhi kwanza, kwa sababu kijana mmoja alikuwa anasubiri barua ya kuomba kazi.

Anaumwa? Na hilo jaribio lenu lilikuwa la nini? Mimi siji karibuni, kwa hiyo nisimulie hata likiwa limepoa.

Binti yako

8 Aprili

Binti yangu,

Nimechelewa kukujibu, na usidhani nimekusahau. Daktari wa meno ameniletea viti vya chumba chake cha kusubiria, vyote, na unajua watu wanaosubiri kung'olewa jino hushika viti kwa namna gani. Mikono yote ya viti imechunika. Nilipovifungua nilikuta vifungo, vijiti vya kuchokolea meno, na hereni moja ya dhahabu ambayo nimemrudishia.

Mama yako ni mzima. Mama Mdogo naye ni mzima, ingawa siku hizi amekuwa mkimya kidogo.

Swali lako la jasho ni zuri. Mtu anaweza kutokwa na jasho kwa sababu chumba kina joto. Jasho si hoja. Halafu huyo hakimu wako anauliza "uliona nini", lakini jicho nalo lina mahali lilipokaa. Wa mlangoni haoni anachokiona wa dirishani. Hilo ndilo ninalolisema siku zote.

Kuhusu Mama Taipu, ni kweli amefunga. Watu huchoka. Amehamia kwa mwanawe, kule kwenye nyumba za ghorofa nyuma ya soko, na mkwewe amechukua kibanda anauza vifaa vya simu. Anatunzwa vizuri. Mtu mzima akisema hajisikii vizuri, huo ni ukweli wake, mimi ni nani wa kumbishia?

Jaribio lilikuwa mchezo wa watu wazima. Halina hadithi.

Mvua zimeanza. Karakana inavuja upande wa sponji.

Baba Mdogo wako

15 Aprili

Shikamoo Baba Mdogo,

Tuko wazima, natumaini nanyi pia.

Nimeisoma barua yako kama ninavyosoma maelezo ya shahidi kabla ya kuyapeleka kwa hakimu. Umeandika mistari mingi kuhusu viti vya daktari wa meno, na mitatu kuhusu mwanamke aliyenifundisha kazi ninayoishi nayo.

Nimempigia Mama Mdogo. Ameniambia Jumamosi hamkutani tena, na kwamba ukisikia mlango unagongwa unakwenda uani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Muulize baba yako mwenyewe, mimi mdomo wangu umeniuma kwa kumwambia."

Baba Mdogo, unapiga chenga. Wewe ndiye uliyenilea tangu baba alipofariki, na hukuwahi kunifundisha kuzunguka swali. Mlifanya nini?

Binti yako

2 Mei

Binti yangu,

Salamu ziwe fupi, maana nikizirefusha nitakimbilia humo humo na kujificha.

Jaribio lilikuwa hivi. Jumamosi moja mwanzoni mwa Februari, Mama Taipu alipokwisha kuondoka, Kwa Hiyo aliniambia nadharia yangu ni ya mdomoni tu. "Kwa hiyo unataka kusema watu wakikubaliana kwamba jambo limetokea, basi limetokea?" Nikasema ndiyo. Akasema nithibitishe. Nikapanga mbele yao wote: Jumamosi ijayo tumwambie Mama Taipu kwamba Jumamosi hii alifoka. Kwamba alisimama, akamtukana mfamasia kuwa anauza dawa zilizooza, akatoka bila kuaga. Tukaze nyuso, asicheke mtu. Kama atakubali, nimeshinda. Tulimchagua yeye kwa sababu ni mtu wa busara. Ndivyo nilivyosema. Lakini nakwambia sasa kwamba tulimchagua kwa sababu ni mpole, na kwa sababu hatukumwogopa.

Wiki iliyofuata akaja, akakaa. Mfamasia akamwambia, "Mama, yale ya juzi nimekusamehe." Akauliza yapi. Tukamwambia. Akacheka: "Mimi? Nimfokee nani mimi?" Sisi tukakaza nyuso. Kinyozi akasema, "Ulinikanyaga mguu wakati unatoka, mama, mpaka leo unauma." Kwa Hiyo akasema alitaka kumfuata akamwacha apoe. Kicheko chake kikaanza kupungua, kipande kwa kipande. Akawa anatazama mikono yake. Akasema, "Lakini mimi nakumbuka nilikaa tu. Nilikaa, nikasikiliza, nikaenda nyumbani."

Halafu akanigeukia mimi. "Fundi, wewe hunidanganyi. Nilifoka?"

Nilikuwa nagongelea mkanda wa kiti. Mdomoni nilikuwa na misumari midogo, unajua ninavyoishika kwa midomo ninapofanya kazi. Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa wiki nyingi nimejiambia kwamba sikusema uongo, kwa sababu sikutoa neno.

Alisimama, akamwendea mfamasia, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akamwomba radhi. Alimwomba radhi kwa jambo ambalo halikutokea, machozi yakimlengalenga. Mfamasia alinitazama ili nimalize mchezo. Sikuumaliza. Nilikuwa nasikia utamu wa kushinda. Alipotoka, kinyozi alipiga makofi.

Tulikubaliana kumwambia Jumamosi inayofuata, tucheke pamoja. Ile barua yangu ya kwanza niliiandika katikati ya wiki hiyo. Jumamosi hakuja.

Kuna kitu tulichokuwa hatukijui, au mimi nilikijua nikakiweka pembeni. Mama yake mzazi alipoteza kumbukumbu uzeeni. Mwishoni alikuwa anawafukuza watoto wake mwenyewe akidhani ni wezi. Mama Taipu amelisubiri gonjwa hilo maisha yake yote kama mtu anayesubiri hodi. Sisi tukampigia hodi.

Alifunga kibanda kwa kuogopa kukosea kwenye karatasi za watu. Akaenda hospitali, daktari akamuuliza maswali, hofu ikamkaba akashindwa kujibu hata mtaa anaoishi. Mwanawe akamchukua. Tulipopata habari, kila mmoja alimtegea mwenzake akamwambie. Kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi, na sasa tukionana barabarani kila mtu anavuka upande wake.

Mama Mdogo nilimwambia mwezi uliopita. Tangu hapo ananiandalia chakula, ananisalimu, na zaidi ya hapo hana maneno nami.

Hiyo ndiyo hadithi yake. Ilipoa kweli.

Baba Mdogo wako

8 Mei

Baba Mdogo,

Shikamoo.

Niliisoma barua yako kwenye ngazi za mahakama wakati wa mapumziko. Nilirudi ndani nikakosea kupiga chapa jina la mshtakiwa, kosa ambalo sijawahi kulifanya.

Nilitaka kukuandikia maneno makali, nimeyachana. Nilikuwa nakuona Jumamosi zile nikiwa mtoto, nimekaa juu ya rundo la sponji, nikidhani hakuna watu wenye akili duniani kama nyinyi. Nilikuwa najivunia wewe shuleni. Wenzangu walisema baba zao wana magari, mimi nikasema wangu anajua kufikiri.

Nenda ukamwambie. Usimtume mtu, usimwandikie. Usimwambie kwamba ilikuwa falsafa. Mwambie ilikuwa uongo, na kwamba uongo huo ni wako.

Kuna jambo langu pia, lakini si la leo. Nenda kwanza.

Binti yako

1 Juni

Binti yangu,

Mama yako amepona mafua, anakusalimu. Nyumbani hakuna jipya.

Nimekwenda. Nilivaa shati la harusini kama mjinga, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu nikipumzika kila kituo, na si kwa sababu ya pumzi. Mkwewe alinifungulia, akanionyesha chumba, akarudi jikoni.

Alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo za wajukuu. Amepungua. Juu ya mlango wa bafu wamebandika karatasi: BAFFU. Kwenye kabati: NGOU. Mama Taipu, binti yangu, mtu aliyesahihisha barua za nusu ya mtaa. Karatasi hizo zilikuwa na makosa ya tahajia, na hakuzigusa.

Alinipokea kwa furaha, na hapo nikaona afadhali angenitemea mate. Akaniuliza hali ya kinyozi, mguu wake ulipona? Nikamwambia, "Mama, mguu haukuwahi kuumia. Hukumkanyaga mtu. Siku ile hukufoka. Tulikubaliana tukudanganye, na mimi ndiye niliyepanga."

Aliendelea kukunja. Akasema, "Asante, fundi."

"Asante ya nini?"

"Kwa kuja kunifariji. Wewe una roho nzuri tangu zamani."

Nikarudia. Nikapandisha sauti mpaka mkwewe akachungulia. Nikamweleza mjadala, nadharia, kila kitu. Alinisikiliza kwa upole, kama unavyomsikiliza mtoto anayekupa kikombe kitupu akisema ni chai. Kisha akasema: "Siku ile mlikuwa watu wanne, mkasema neno moja. Leo umekuja mtu mmoja, unasema jingine. Na mimi kichwa changu sikiamini tena. Wewe ungekuwa mimi, ungemwamini nani?"

Ilikuwa nadharia yangu mwenyewe, imekaa kitandani inakunja nguo.

Nilipokuwa nasimama akaongeza jambo ambalo limenifuata mpaka chini. Akasema, "Halafu si nyinyi peke yenu. Hata binti yako aliona nimeanza kusahau. Nilimuuliza kwenye simu, akaniambia ndiyo."

Ni kweli?

Nimewaendea wenzangu. Kinyozi amekubali kwenda kabla sijamaliza sentensi. Alikuwa na wembe mkononi, akauweka, akasema hajalala vizuri tangu Februari. Mfamasia anaogopa habari zikienea wateja watamkimbia, lakini anafikiria. Kwa Hiyo amekataa. Amesema, "Kwa hiyo tumfungulie kidonda ili sisi tupate nafuu?" Lilikuwa swali zuri, kama yalivyo maswali yake yote. Ila alifunga mlango kabla sijalijibu.

Nijibu kuhusu lile.

Baba Mdogo wako

20 Juni

Shikamoo Baba Mdogo,

Mimi si mgonjwa, kama ulikuwa na wasiwasi. Nimekaa siku nyingi na barua yako kwa sababu swali lako lina jibu la neno moja, na neno lenyewe ni ndiyo.

Alinipigia jioni nikiwa nafua. Akaniuliza, "Mwanangu, ulipokuja kuaga kabla ya kuhamia huko, uliona nimeanza kusahausahau?" Mimi sikuona kitu, Baba Mdogo. Siku ile alinikumbusha hata siku yangu ya kwanza kibandani, nilivyovaa viatu vya mama na kukwama mlangoni. Lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kukubaliwa. Nilidhani nikimbishia nitamwacha peke yake na hofu yake. Pia maji yalikuwa yanafurika kwenye beseni na nilitaka kumaliza. Nikamwambia, "Kidogo tu, mama, ni umri, usijali." Akashukuru. Wakati ule nilijiona mpole.

Nilipokuandikia kwamba "akaniuliza jambo, nikamjibu", nilijua ninachokificha. Sikuujua ukubwa wake. Uliponisimulia jaribio nilielewa kwamba nyinyi mlimtikisa, mimi nikamsukuma. Na bado nikakuandikia ile barua ya ukali, nikakuagiza uende. Kila siku napiga chapa maneno ya watu walioapa: yeye aliona, yeye hakuona. Mimi sikuona, nikasema niliona.

Nimempigia jana. Nilimwambia sikuona chochote, kwamba nilisema vile kwa kuwa sikutaka kumkatalia. Halafu akauliza, si kwa hasira, "Hata wewe?" Akakata.

Nimeomba ruhusa ya kuja, wamesema mpaka kesi za kikao hiki ziishe. Nimeongea na mwanawe pia. Alinitukana, nikamwacha amalize. Mwishoni nikamwomba amrudishe kwa daktari, amweleze daktari kila kitu, halafu apimwe upya.

Na nyinyi nendeni wote wanne. Akitaka idadi, mpeni idadi.

Binti yako

27 Julai

Binti yangu,

Tumemwambia wote wanne. Nakuandikia ikiwa bado mbichi.

Mfamasia alikubali mkewe alipojua. Kwa Hiyo aliletwa na Mama Mdogo wako. Hakumwendea yeye, alimwendea mke wake, wakaongea uani kidogo tu, na kesho yake mwalimu alikuwa mlangoni kwangu amenyoa ndevu, hana swali hata moja.

Lakini hatukupanda ngazi zile. Daktari alimpima upya akiwa ametulia, akamwambia kichwa chake ni kizima kuliko cha daktari. Basi akatuma neno kwa mwanawe kwamba atakuja yeye. Akaja Jumamosi, karakanani, na mwanawe amesimama nyuma yake amekunja mikono. Nilimwekea stuli yake. Hakuikalia. Alikaa kwenye kimoja cha viti vya daktari wa meno, kilichokuwa tayari, katikati.

Akatuuliza mmoja mmoja, kwa jina, kama mwalimu anayeita mahudhurio. "Siku ile nilifanya nini?" Kinyozi akalia kabla ya kujibu, akasema, "Ulikaa, mama. Hukunikanyaga." Mfamasia akasema, "Hukunitukana. Uliponiomba radhi ilikuwa mimi nikuombe." Kwa Hiyo akaanza, "Kwa hiyo..." akakwama, akasema tu, "Tulikudanganya." Zamu yangu ilipofika nilisema uongo ulikuwa wangu, wao niliwaita. Sikuwa na msumari mdomoni.

Nilidhani imekwisha. Nilianza hata kupumua.

Akasema, "Vizuri. Sasa nimejua kwamba sikufoka. Jingine. Siku ile mlipokuwa mnabishana, kabla sijaondoka, kuna neno nilisema. Mlinyamaza kidogo, mkaendelea. Nilisema nini?"

Kinyozi alikisia kwamba pengine aliaga. Akatikisa kichwa kukataa. Mfamasia akasema samahani. Mwalimu alifumba macho akitafuta, naye ni mtu anayekumbuka majina ya wanafunzi wa miaka yote. Hakupata. Nami sikupata.

"Nililifikiria wiki nzima," akasema. "Kuhusu hiyo mada yenu ya ukweli. Nilijizoeza kulisema nikiwa peke yangu kibandani, maana mnaongea upesi na mimi si mwepesi wa kuingilia. Siku ile nikapata upenyo, nikalisema. Halafu mkaniambia nilifoka, na nilichokuwa najiuliza miezi yote hii ni kwamba, kama sikumbuki kufoka, basi pengine hata lile neno sikulisema."

Kwa Hiyo akamwomba, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, alirudie, tafadhali.

"Hapana," akasema. "Nililisema. Mimi nalikumbuka."

Akasimama. Hakutupa mkono, hakututukana. Mlangoni akamwambia mwanawe ampe funguo za nyumba yake, palepale mbele yetu. Mwanawe akazitoa. Kibanda hakipati tena. Mkwewe ameshakijaza vifaa vya simu na wateja wa chapa wamezoea pengine. Amerudi kwake, anaishi peke yake, na jirani yake ananiambia kwamba akifunga mlango huenda hatua chache, hurudi, huushika tena kuhakikisha. Hakuwa hivyo. Hilo tumemwachia sisi, na daktari hana dawa yake.

Alikutaja. Alisema ukija uende kwake, ila usibebe zawadi. Sijui maana yake ni nini. Nadhani utaijua mwenyewe ukifika.

Mama Mdogo jana aliniuliza kama nataka chai. Sikumwambia jinsi nilivyofurahi, nilisema ndiyo tu.

Tangu Jumamosi ile nimekuwa nikijaribu kulikumbuka lile neno. Nafanya kazi huku nalitafuta. Stuli naiona, na mwanga wa mchana mlangoni, na yeye ameinua mkono kidogo kama mwanafunzi. Namwona anafungua mdomo. Ninachosikia ni sauti yangu.

Baba Mdogo wako